Mkwe Nyuma ya Shuka

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024. Mvua ilinyesha Jinja alfajiri ikakatika kabla ya chai. Ukungu ulipanda kutoka ziwani Masese ukakaa juu ya mabati yetu, lakini kufika saa tatu jua lilikuwa limetoka, na matope ya uani yalikuwa yanafuka mvuke kama ugali. Nilikuwa macho tangu saa kumi na moja, nikimwomba Mungu mambo matatu: binti yangu Ivy afike salama kutoka Mbale, majirani zangu wasisahau jina langu, na uongo wangu usijulikane. Lile la tatu nililisema kwa sauti ya chini, maana hata mimi niliona si la kuombwa kwa nguvu.

Uongo wenyewe ulizaliwa Jumatatu.

Jumatatu hiyo nilikuwa natoka darasa la jioni kwenye ukumbi wa kanisa. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, mwanga bado upo. Mtu mmoja akanipita mbio kama anayewahi gari, na alipokwisha kunipita mkoba wangu ulikuwa umekwenda naye. Ndani mlikuwa na Biblia, daftari la hesabu na fungu la mukene, vile visamaki vidogo vya ziwani. Nilipofika nyumbani nilipiga magoti nikamwombea yule mwizi. Niliomba aifungue ile Biblia kwenye Kutoka, sura ya ishirini, na mukene umkwame kooni kidogo, si wa kumuua.

Kisha nikafanya kosa la kumwambia Ivy kwenye simu.

"Mama, hii ni mara ya ngapi?"

"Ya kwanza mwezi huu."

"Mwezi uliopita walichukua sufuria. Kabla ya hapo viatu. Sasa basi. Jumamosi tunakuja na gari, mimi na Tonny. Unafunga vitu, unahamia Mbale."

Sina ubaya na Mbale. Mwaka jana nilikaa kwa Ivy wiki tatu. Nyumba ni nzuri, ina geti la chuma na ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu. Mlima Wanale niliutazama kupitia nondo za dirisha. Kwa wiki zote tatu aliyenisemesha kila asubuhi kutoka nje alikuwa mbwa wa jirani, naye alikuwa ananitukana.

Tena nyumba ile ni ya mkwe wangu. Kwetu Busoga, na kwao Bugisu vilevile, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Tunaiita buko, na wazee wanasema anayeivunja atatetemeka mikono uzeeni. Mimi nimeokoka, siogopi kutetemeka. Lakini miguu yangu haijaokoka. Ikisikia mkwe anakuja, inakimbia yenyewe. Siku moja pale Mbale mimi na Tonny tulikutana kwenye ukumbi mwembamba wa vyumba, tukageuka wote wawili kwa pamoja. Yeye akaingia chooni, mimi nikaingia stoo kwenye magunia ya maharage, na tukakaa humo kila mtu na mlango wake mpaka Ivy aliporudi kutoka sokoni.

Hayo yote ningeyavumilia. Ambalo sikuweza ni kuuacha mtihani. Mwezi wa Novemba nilikuwa nifanye mtihani wa darasa la saba, nikiwa na miaka hamsini na minne, na jina langu lilikuwa limeandikwa Jinja. Nikihamia Mbale mwezi wa tisa, safari yangu ya miaka minne inaishia njiani.

Kwa hiyo nikamwambia Ivy, "Siwezi kuwaacha majirani zangu. Hapa tunalindana kama ndugu."

"Majirani gani, mama? Nilikuuliza jina la yule wa mlango wa bluu, ukaniambia anaitwa Mlango wa Bluu."

"Hilo lilikuwa zamani."

"Haya. Jumamosi nitawaona hao ndugu. Nikiona ni kweli, nitafikiria. Nikiona ni maneno, unapanda gari siku hiyohiyo."

Simu ikakatika. Nikarudi magotini. Nikasema, "Bwana, nimedanganya. Nisamehe, au uugeuze uwe kweli kabla ya Jumamosi. Chagua mwenyewe, mimi nitapokea lolote, lakini la pili lingenifaa zaidi."

Jumanne asubuhi nilikwenda kubisha kwenye mlango wa bluu.

"Hodi."

"Nani huyo?"

"Jirani."

"Jirani gani?"

"Wa mlango wa tatu. Nina miaka sita hapa."

Nikasikia kufuli ya kwanza, kufuli ya pili, kisha komeo. Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Alikuwa mzee mrefu kutoka kaskazini, Kitgum, askari magereza mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa cha gerezani: hakikuwa na neno tafadhali.

"Wewe ni namba saba," alisema.

"Naitwa Cissy. Mama Ivy."

"Mimi naitwa Arnold. Lakini wewe ni namba saba. Kila jioni nahesabu watu wa uani kwa dirisha. Ni tabia ya kazi, haitoki. Siku za darasa wewe huingia wa saba. Jana ulichelewa dakika ishirini. Nikajua kuna jambo."

"Ukajua, afande, na hukutoka?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Gerezani nilikuwa na funguo," akasema. "Hapa nina kufuli tu."

Nilikwenda na hasira kidogo mpaka mlango wa pili, ule tunaopakana nao kwa ukuta. Hapo anakaa Ramlah, mwanamke Mnubi, mjukuu wa askari, anayeuza sambusa mbele ya ua. Alinitazama kwa upenyo akashika fremu ya mlango.

"Umekuja kufanya nini? Mimi nina dua zangu, hazipenyeki."

"Nimekuja kujitambulisha."

"Nakujua. Wewe ndiye mchawi."

"Mimi?"

"Kila alfajiri unaongea peke yako. Unataja majina ya watu. Juzi ulimtaja mwenye nyumba huku ukipiga ukuta."

"Nilikuwa namwombea atengeneze paa!"

"Sasa ukuta umekosa nini?"

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Akaniambia kwamba na yeye huamka saa hiyohiyo kuswali, na kila akinisikia huongeza sura moja ya kujikinga. Miaka sita tumeamka pamoja, matofali tu yakitutenganisha, yeye akijikinga na mimi, na mimi nikijiuliza kwa nini jirani yangu ananong'ona gizani.

Aliyebaki alikuwa Wahab, mwenye boda boda, mlango wa mwisho. Huyu nilikuwa nimeamini kabisa kwamba ndiye mwizi wa sufuria yangu, kwa sababu anaingia na kutoka saa zisizoeleweka. Nilipomwambia habari ya Jumamosi alinisikiliza kwa adabu sana, halafu akauliza:

"Mama, na sufuria yangu ulimpelekea nani?"

Kumbe naye aliibiwa, na alikuwa ameamini ni mimi. Alisema mtu anayebeba Biblia kubwa namna ile lazima anaficha kitu chini yake.

Jumatano mchana tulikutana wote wanne uani, tukakaa juu ya mabeseni yaliyogeuzwa. Kwanza tulitubu. Afande Arnold alikuwa amemshuku Wahab. Wahab alikuwa amemshuku afande kuwa jasusi, kwa ajili ya lile dirisha. Ramlah alikuwa ametushuku wote, kwa zamu. Kisha nikawaeleza ninachotaka: Jumamosi, kwa saa mbili tu, tujifanye tunapendana.

"Nitadanganya kwa ajili yako, Mama Ivy," alisema Ramlah, "lakini kwa sharti moja. Huo ulinzi wa kujifanya uangalie na sambusa zangu."

"Na pikipiki yangu," alisema Wahab.

"Na mimi," alisema afande Arnold, na hakueleza zaidi.

Kwa hiyo ulinzi ukawa wa kweli, na uongo ukabaki kwenye tarehe tu. Afande aliweka sheria, akizihesabu kwa vidole. Mgeni yeyote anayeingia uani lazima apige hodi kwa sauti ya kusikika. Aseme anamwendea nani. Asiyepiga hodi anasimamishwa. Anayejificha anakamatwa. Na atakayekamatwa hatoki mpaka mwenyeji wake aje amtambue, yeye mwenyewe, si mtu mwingine. Kengele yetu itakuwa sufuria ya Ramlah ikipigwa kwa mwiko.

Alhamisi mchana tulifanya zoezi. Wahab akawa mwizi. Aliruka ukuta wa nyuma vizuri mno hata afande akamuuliza alijifunzia wapi. Ramlah akapiga sufuria mpaka ikabonyea. Baadaye tukasomana kama wanafunzi wa mtihani: nani anatoka wapi, nani ana watoto wangapi, nani hali nini. Hivyo ndivyo tulivyofika Jumamosi.

Ivy aliingia saa nne na robo, amevaa vizuri, mkoba kwapani, macho ya mkaguzi. Mumewe alibaki barabarani ndani ya gari, kama heshima inavyotaka. Nilikuwa nimevaa vazi langu la heshima, gomesi ya kijani. Ivy akapiga magoti kunisalimu, akasimama, akaanza kukagua.

Afande Arnold alitoka mlango wa bluu akapiga saluti. "Karibu! Watu wa uani wote wapo, hakuna aliyetoroka!"

Ivy akanitazama. Nikatazama mabati.

Ramlah akaja na sahani ya sambusa akamkumbatia kama aliyemlea. "Ndiye huyu Ivy wetu! Mama yako hatupumzishi, Ivy, Ivy, kila siku. Dada yangu huyu. Kama si yeye mimi ningekuwa wapi?"

"Mmejuana lini?" Ivy akauliza.

"Zamani," alisema Ramlah, na hapo hakusema uongo sana, maana alinijua kama mchawi kwa miaka sita.

Ivy akamgeukia Wahab, ambaye alikuwa anafuta pikipiki iliyokwisha kung'aa. "Na wewe, kaka, unamjua mama yangu?"

"Sana. Anapenda viazi vitamu na karanga za kusaga. Chai bila sukari. Na hawezi kulalia ubavu wa kushoto."

Mkoba wa Ivy ukashuka kutoka kwapani.

"Ubavu wa kushoto umeujuaje?" Ivy akauliza polepole.

Wahab akazidi kufuta pikipiki. Tulikuwa tumemfundisha kupita kiasi. Niliomba ardhi inimeze, lakini ombi hilo halikujibiwa, na sasa nashukuru.

"Ukuta ni mwembamba," alisema Ramlah haraka. "Kitanda chake kinalia. Mimi ndiye niliyemwambia. Ngoja nikaangalie mafuta yangu."

Akaondoka mbio kuelekea nyuma, kule kwenye jiko lake, kamba ya nguo na choo. Ivy akanishika mkono, akaniingiza chumbani, akafunga mlango.

"Mama. Hawa watu umewafundisha."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Yule mzee amepiga saluti!"

Nilikuwa bado natafuta jibu ambalo halingekuwa dhambi, tukasikia sufuria. Haikuwa kama ya Alhamisi. Ramlah alikuwa anapiga kama nyumba inaungua, na anapaza sauti, "Yuko huku! Yuko nyuma ya mashuka! Amejificha!"

Vishindo vya afande vilipita dirishani. Vya Wahab vikafuata. Mimi nikanyakua mchi wa kinu nikatoka, na Ivy nyuma yangu.

Nyuma ya nyumba Ramlah alikuwa ameanika mashuka mawili makubwa. Chini ya shuka la pili tuliona miguu minne imesimama na miwili imepiga magoti. Ile miwili haikuwa na viatu. Viatu vyenyewe, vyeusi, vya ngozi, vimepakwa rangi asubuhi hiyo, vilikuwa vimepangwa pembeni kwa utaratibu wa gereza.

"Kaa chini! Mikono kichwani!" Afande alikuwa amerudi ujana wake. "Jina?"

"Wambede Tonny," ilijibu sauti.

Mchi ukaniponyoka. Nilivuta kitenge nilichojifunga kiunoni juu ya gomesi, nikajifunika kichwa na uso, nikageuka nikatazama ukuta wa choo.

"Umekuja kwa nani?"

"Kwa mama mkwe wangu."

"Kwa nini hukupiga hodi?"

"Afande, ningepiga hodi angetoka."

"Sasa hodi hupigwa ili mtu abaki ndani?"

"Sikutaka anione."

"Mmesikia?" afande akawauliza wenzake. "Amekuja kwa mama, hataki mama amwone. Haya, twende tumwite huyo mama."

"Usimwite, afande! Nakuomba kwa jina la Mungu, usimwite!"

"Wezi wote husema hivyo," alisema Wahab.

Ivy alikuwa amekwisha kuinua shuka. "Huyo ni mume wangu! Mwachieni!"

Afande Arnold hakumwachia. Alimgeukia Ivy kwa upole wa mtu aliyezoea jambo hilo. "Mwanangu, mimi nimekaa gerezani miaka ishirini na tisa, upande wa funguo. Kila Jumapili wanawake walikuja wakaniambia huyu ni mume wangu na hana kosa. La kwanza lilikuwa kweli. Sheria yetu hapa ni moja. Mwenyeji amtambue, yeye mwenyewe. Mama Ivy! Njoo umtazame."

"Siwezi," nilisema nikiwa nimeelekea ukuta.

"Humjui?"

"Namjua."

"Basi mtazame."

"Miaka kumi na moja sijamtazama, nianze leo akiwa hana viatu?"

"Umjue vipi mtu ambaye hujamtazama?"

Na hapo alinikamata na mimi. Kwa kweli uso wa mkwe wangu siujui. Kwenye picha ya harusi niliyo nayo mpiga picha alimkuta anajifuta jasho, kwa hiyo ninachokijua vizuri ni kitambaa. Ramlah, ambaye kwao mambo haya hayana ukali hivyo, alikuwa anatazama huku na huku, mwiko mkononi. Wahab, ambaye ni Msoga, ndiye aliyeelewa kwanza. Nilisikia anavuta pumzi.

"Afande," alisema, "hii ni buko. Tumekamata mkwe."

"Mkwe au si mkwe, atambuliwe. Tukivunja sheria siku ya kwanza, ya pili hatutakuwa nayo."

Nikaona ana haki. Pia nikaona kwamba kama mkwe wangu ataachiwa kwa huruma, Ivy atasema huu ni mchezo wa watoto. Kwa hiyo nilimwambia Ramlah anisaidie. Akalivuta shuka likanyooka vizuri. Nikaketi upande huu juu ya beseni, mgongo kwa shuka, kitenge usoni. Tonny akaketi upande ule. Kama angekuwepo mzee wa ukoo asingepata kosa.

"Afande," nikasema, "muulize: mwaka jana, siku ile tulipokutana ndani ya nyumba yake, alijificha wapi?"

Ikaja sauti nyembamba, "Chooni, mama."

"Kwa muda gani?"

"Dakika arobaini. Nilihesabu vigae vyote. Ni mia moja na thelathini na viwili, na kimoja kimepasuka."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Stoo, mama. Nilikusikia ukipiga chafya kwenye maharage. Nilitaka kusema afya njema, nikaogopa."

Ivy alitoa mlio kama birika. Hakuna aliyewahi kumweleza habari ile.

"Ndiye," nikasema. "Namtambua. Mwachieni, mrudishieni viatu."

"Afande," alisema Tonny, "naomba nipitishwe chooni. Ndiko nilikokuwa naenda. Tumetoka Mbale saa kumi na mbili asubuhi, na Iganga nilikunywa soda mbili."

Ramlah ndiye aliyeanguka kwanza kwa kucheka, akaukumbatia mwiko. Wahab alishikilia kamba ya nguo. Afande Arnold alimsindikiza mkwe wangu mpaka mlango wa choo akasimama nje kwa ukakamavu, kama zamani. Nadhani hakuweza kujizuia.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Ivy kwa tundu la kitenge. Mume wake, mwenye duka la vipuri, mtu wa kuheshimiwa, amepigishwa magoti kwenye matope nyumbani kwa mama mkwe. Nilijua nimekwisha. Nikaanza kupanga moyoni vitu vya kufunga: kitanda, sufuria iliyobaki, daftari jipya.

Tonny akarudi akaketi nyuma ya shuka. Alikohoa.

"Ivy," alisema, "duka letu pale Mbale limevunjwa mara ngapi mwaka huu?"

"Mara mbili."

"Saa ngapi?"

"Mchana."

"Na majirani walisema nini?"

Akajibu Tonny mwenyewe. "Walisema waliona watu wanabeba, wakadhani tunahama. Watu ambao tumepakana nao miaka tisa! Tuna ukuta, tuna geti, tuna chupa juu ya ukuta. Hapa geti lenyewe halifungi. Nimepiga hatua nane, Ivy, nimezihesabu, na nikawa niko chini bila viatu. Sasa unataka kumtoa mama hapa umpeleke wapi?"

Nilitamani kumkumbatia mkwe wangu, jambo ambalo lingetuua wote wawili.

Uso wa Ivy ulilegea. Akawageukia wenzangu. "Basi nimekosea. Sikujua mmeishi hivi miaka yote."

Pale ningeweza kunyamaza tu. Kila kitu nilichoomba kilikuwa mezani. Lakini yule niliyemwomba alikuwa anaangalia, na nilikuwa nimemwambia achague mwenyewe, anisamehe au augeuze uongo uwe kweli. Sikuweza kujichagulia mimi kwa kunyamaza.

"Si miaka, Ivy," nikasema. "Ni tangu Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Hii. Tarehe kumi. Kabla ya hapo huyu alikuwa Mlango wa Bluu, huyu aliniita mchawi, na yule nilimwita mwizi. Niliwaomba wakudanganye. Saluti ni yangu. Ubavu wa kushoto pia ni wangu."

Ramlah aliacha kucheka. Wahab akaanza tena kufuta pikipiki ambayo haikuwepo pale.

"Siku nne," alisema Ivy. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama, ulinidanganya kwenye simu. Watu wa siku nne watachoka siku ya tano. Halafu utarudi jioni peke yako, na safari hii hawatachukua mkoba tu. Mimi nitakuwa Mbale nikingoja simu. Unajua ninavyolala? Silali. Nenda ukafunge vitu."

Nilisimama, na kwa kweli nilipiga hatua mbili kuelekea chumbani.

"Ngoja," alisema afande Arnold.

Alikuja akasimama mbele ya Ivy, na safari hii hakupiga saluti. "Jumatatu nilihesabu watu nikakuta mama yako hayupo. Nilikaa dirishani dakika ishirini na kufuli mbili mlangoni. Mwanamke amenyang'anywa mkoba, na mimi, afande mzima, nahesabu. Nilipomwambia Jumanne hakunitukana. Ningependa angenitukana. Jumatano jioni nilimtuma Wahab akamngoje kwenye ukumbi wa kanisa. Alhamisi nilikwenda mwenyewe."

"Hilo nalo mlifundishana?" Ivy akauliza.

"Hapana," alisema Ramlah. "Hilo halikuwa kwenye zoezi. Mimi mwenyewe nimelisikia sasa. Na nimekasirika, kwa sababu hawakunipa zamu."

"Siku za darasa ni tatu," alisema afande. "Jumatatu Ramlah. Jumatano Wahab. Alhamisi mimi. Na atakayekwenda anarudi na watu wengine wanaopita njia ile, maana si mama yako peke yake anayeogopa. Wiki hii tu nimekuta walimu wawili na mama muuza ndizi wanatembea wakitazama nyuma. Mpaka mtihani. Baada ya mtihani tutaona anataka kwenda shule gani tena."

Ivy alimtazama. Kisha akanitazama mimi, mama yake, nimesimama katikati ya ua na kitenge kichwani kama gunia. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini mdomo wake ulikuwa unajizuia kucheka.

"Na mimi nikiahidi kumwacha hapa, nitaahidi vipi?" akauliza.

"Kwa kusimama wima," alisema afande Arnold. "Jina kamili. Mkono juu. Sauti isikike mpaka barabarani. Mashahidi wote wasimame."

Tukasimama. Ramlah na mwiko wake, Wahab na kitambaa chake, afande amenyooka kama mlingoti. Nyuma ya shuka mkwe wangu naye alisimama, na juu ya kamba tukaona kiganja chake kimeinuliwa, nami nikageuza uso upesi.

Ivy akainua mkono.

"Mimi, Ivy Kagoya, mbele ya mama yangu, na mbele ya afande Arnold, mama Ramlah, kaka Wahab na mume wangu Tonny, naahidi kwamba sitamhamisha mama kutoka Jinja, si leo, si kabla ya mtihani, wala si baada yake, mpaka aseme mwenyewe kwa kinywa chake kwamba anataka kuja. Na siku nikiogopa tena, nitapiga simu kwa hawa kwanza, kabla ya kuwasha gari."